Kalamu Moja, Mgonjwa Mmoja



Mwaka 1923 Frederick Banting, Charles Best na James Collip waliuza haki yao ya ugunduzi wa insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola moja tu, ili dawa hiyo iwafikie wote. Hata hivyo, hadi leo wapo maskini wasioimudu, na ufukara huwashawishi wagonjwa wa nyumba moja kutumia kalamu moja ya insulini. Nia yao ni njema, lakini hatari ni kubwa. Hata sindano ikibadilishwa, damu yaweza kurudi ndani ya kalamu na kumwambukiza mwingine homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Tena, insulini si ya aina moja. Iliyo ya haraka sana huanza kazi kwa dakika 15 hivi, nayo huendana na chakula. Ya muda mrefu hufanya kazi kwa takriban saa 24. Anayeikosea moja kwa nyingine aweza kupungukiwa sukari hata akazimia. Kwa hiyo tusome jina la dawa kila mara, tufunge sindano mpya, tutoe uniti 2 hewani kwa kujaribu, ndipo tujidunge kipimo alichoagiza daktari, tuhesabu hadi kumi, kisha tuchomoe.

Tukitaka kugawana, tugawane nauli ya zahanati na bei ya dawa. Kalamu yenyewe ibaki ya mtu mmoja. Na tuwadai wenye mamlaka kwamba kila mgonjwa apate yake.