Jina Lililokosewa Jeshini: Wajibu Wetu kwa Wazee Waliopigana Vita

Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, Moshi



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani makosa yaliyomo katika kumbukumbu za utumishi za wazee wetu waliokuwa askari. Naomba nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

1. Mzee niliyemfukuza

Nilikuwa mwaka wangu wa pili wa upadre, paroko msaidizi katika parokia moja ya migombani upande wa Rombo. Asubuhi moja alikuja mzee mmoja, amevaa koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne. Alikuwa amepigana Vita vya Kagera. Katika hati zake za jeshi aliandikwa Aloyce, likafuata jina la ukoo lililokosewa herufi moja, na mwaka wa kuzaliwa 1958. Katika cheti cha ubatizo aliitwa Aloisi, mwana wa Petro, aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1955. Ofisi moja ilikuwa imemwambia kwamba hao ni watu wawili.

“Baba,” aliniambia, “andika katika daftari lako kama walivyoandika jeshini, ili nipumzike.”

Nilimkemea. Nilimwambia kwamba Kanisa halighushi nyaraka, na kwamba mtu mzima mwenye mvi hapaswi kumwomba padre jambo la namna hiyo. Akainuka, akashukuru, akaenda zake.

Miaka minne baadaye alikuja mkewe, mjane, na bahasha ile ile. Safari hii nilifungua daftari. Pembeni mwa jina la Aloisi, mwana wa Petro, palikuwa na maandishi madogo ya paroko wa zamani yaliyoonyesha tarehe ya ndoa yake na jina la mkewe. Nikafungua daftari la ndoa. Hapo aliandikwa kwa majina yake yote, la ubatizo, la baba na la ukoo, na mbele ya neno “kazi” paliandikwa: askari. Ushahidi wote aliouhitaji ulikuwa ndani ya kabati, hatua kumi kutoka mahali nilipomkemea.

Nilikuwa sahihi kuhusu daftari, nikamkosea mwenye daftari. Hilo ndilo neno langu kwenu leo: kusahihisha kumbukumbu maana yake ni kuurudisha mwandiko kwenye ukweli. Aghushiye anaupinda ukweli ufuate mwandiko. Lakini naye anayemwita mzee mwongo kwa sababu karani alikosea, anaipinda haki.

2. Makosa huingiaje?

Ndugu zangu, sisi tuliozaliwa mlimani twajua kwamba mtu wa hapa hana jina moja. Ana jina alilopewa na wazazi, mara nyingi la babu yake. Ana jina la ubatizo. Ana jina la baba. Ana jina la ukoo. Kijana akiulizwa na karani “unaitwa nani?”, hujibu kwa lile analoona linafaa siku hiyo. Karani naye, asiyeijua lugha ya mlimani, huandika alivyosikia. L huwa R, na Aloisi huwa Aloyce. Umri ukikosa cheti, hukisiwa kwa kumtazama mtu uso.

Haya hayakuanza jana. Katika Vita Kuu ya Kwanza mstari wa mapigano ulipita papa hapa: Salaita mwezi Februari 1916, Latema na Reata karibu na Taveta mwezi Machi, na mwezi huo huo Waingereza wakaingia Moshi. Nyuma ya majeshi ya pande zote mbili walitembea wapagazi, wamebeba chakula na risasi vichwani. Kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kimeliachia jina lake eneo la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lakini majina ya wengi waliokuwamo yamepotea. Hata Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini humo mwaka 1927 haina jina la mtu hata mmoja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Kiingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Vita vya Pili viliwachukua Watanganyika wapatao 87,000. Wengine walifika Burma pamoja na KAR. Walirudi na medali, lakini medali nyingi kati ya hizo hazikuchongwa jina. Medali husema kwamba kuna mtu alipigana. Haisemi ni nani.

Kisha ikaja Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Kwa miezi michache jeshi lilipanuka mara kadhaa kwa kuwaingiza mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Anayeandikisha maelfu ya watu huku adui yuko ndani ya nchi hakosi kukosea. Sisemi hivyo kumlaumu karani yule. Nalaumu ugumu wetu wa leo, sisi tulio na nafasi ya kuketi na kusoma taratibu.

3. Karatasi na mtu

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu askari wazee wa Kijerumani. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao ya vita vya 1914 hadi 1918. Ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wazee wakafika kwa mamia, lakini wachache tu walikuwa bado na hati walizopewa na Jenerali von Lettow-Vorbeck. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu; wengine hawakuwa na chochote. Yasemekana mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa.

Tunacheka, lakini tujifunze. Mlipaji yule alikuwa na kila sababu ya kusema “hakuna hati, hakuna malipo”, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijiuliza: ni kitu gani mtu huyu anacho ambacho mwongo hawezi kuwa nacho? Swali hilo ndilo linalotenganisha urasimu na haki.

4. Imani yetu yatufundisha nini?

Kwanza, jina ni heshima ya mtu. Mwinjili Luka, katika sura ya pili, atuambia kwamba Yosefu alipanda kwenda Bethlehemu kuandikishwa pamoja na Maria. Bwana wetu alizaliwa safarini kuelekea kwenye daftari la serikali. Tusidharau madaftari.

Pili, ujira wa mtenda kazi ni wake. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tano, asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio chake chamfikia Mungu. Papa Leo wa 13 aliyarudia mafundisho hayo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum. Ujira unaozuiliwa na herufi moja ni ujira uliozuiliwa.

Tatu, amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Kwa hiyo hatufuti wala hatuongezi katika daftari la ubatizo kwa sababu ya shida ya mtu, hata kama tunamwonea huruma. Siku tutakapokubali kughushi moja, madaftari yetu yote yatapoteza uzito, na mjane anayekuja kesho na ukweli mtupu hatasadikiwa.

5. Tufanye nini?

(a) Tukusanye vielelezo kabla mzee hajafa: hati ya kuachishwa jeshi, namba yake ya jeshi, picha, barua, kadi. Namba ya jeshi ina nguvu kuliko jina, kwani jina huandikwa kwa namna nyingi. Toeni nakala, hati halisi isiachwe mezani pa mtu yeyote pasipo stakabadhi.

(b) Twende parokiani. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa yadai kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwamba kipaimara na ndoa viandikwe pembeni mwa jina la mbatizwa. Ombeni dondoo pamoja na maandishi hayo ya pembeni. Parokia zetu ni za zamani: Kilema ilianza 1890, Kibosho 1893. Wenzetu Walutheri wa Machame, walioanza 1893, nao wana madaftari yao. Nasi mapadre tusimwambie mtu “hakuna” kabla ya kufungua kabati.

(c) Mzee aape mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha kwamba majina yote mawili ni yake. Hati hiyo ya kiapo ieleze jinsi tofauti ilivyotokea, na iambatane na maelezo ya wenzake wa kikosi walio hai. Kiapo cha uongo ni dhambi, tena ni kosa la jinai.

(d) Maombi yaandikwe kwa anayetunza kumbukumbu. Kwa waliokuwa JWTZ, Mshauri wa Mgambo wa Wilaya aweza kuwaelekeza njia. Kwa waliofia vita vya dunia, Tume ya Makaburi niliyoitaja hupokea maombi ya masahihisho yenye ushahidi.

(e) Mzee akiwa amefariki, ukoo ukutane, uandike muhtasari, na Mahakama ya Mwanzo iombwe kumteua msimamizi wa mirathi. Mjane asiachwe nje ya kikao hicho.

(f) Tujihadhari na vishoka wanaoahidi malipo kwa kutangulizwa “chochote”. Nasi tusiahidi fedha. Kusahihisha jina hakumfanyi mtu astahili malipo asiyostahili. Kunamwezesha tu kusikilizwa kwa jina lake mwenyewe.

6. Hitimisho

Jina la mzee wangu lilisahihishwa. Ilichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa, barua saba na safari za mjane nisizozihesabu. Barua ilipofika, mama yule aliniomba nimsomee jina tu. Nikalisoma. Akasema, “Ndiye.” Mengine yote akayaacha mezani.

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa, nao waliolala Kaboya huwekewa mashada. Ni vema. Lakini shujaa aliye hai, mwenye bahasha kwapani, hahitaji shada. Kabla ya siku hiyo kufika tena, kila kamati ipite katika jumuiya ndogondogo na kuuliza: nani hapa alitumikia jeshi, na hati zake zasemaje?

Maswali ya kutafakari kikundini:
1. Katika jumuiya yetu, nani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya tofauti ya majina? Tulimsaidiaje?
2. Je, mimi mwenyewe, ofisini au nyumbani, nimewahi kumwita mtu mwongo kabla ya kufungua daftari?
3. Hati za wazee wetu zimetunzwa wapi, na nani anajua zilipo?