Kunyonyesha na Kazi: Mpigie Mwajiri Hesabu

Leo tutazungumza juu ya mama anayerudi kazini mtoto akiwa bado mchanga, na namna ya kumkabili mwajiri bila kugombana naye.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Wataalamu wa afya nao wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza. Basi imebaki miezi 3, na mama yuko kazini. Hapo ndipo mtoto anapoanzishwa uji mapema, anaendesha, na mama anashinda kwenye foleni ya zahanati.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Pawe na maji ya kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kuhifadhi baridi, meza ndogo na kiti kizuri. Pasiwe chooni. Mama apewe pia muda, mbali na ule wa chakula, usiozidi jumla ya saa 1 katika saa 8 za kazi.

Waajiri wengi wakisikia haya husema, "Hiyo ni hasara." Usinyamaze, mama. Mpigie hesabu.

Tuchukue mfano wa fundi wa cherehani anayelipwa shilingi 800 kwa siku ya saa 8. Saa yake 1 ni shilingi 100. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, saa hiyo itamgharimu mwajiri shilingi 7,800 kwa miezi 3. Ni pesa, hatukatai. Lakini fundi huyo akishindwa na kuacha kazi, itabidi aajiriwe mgeni. Mgeni akifanya nusu ya kazi kwa mwezi mmoja tu wa kujifunza, huku akilipwa kama fundi, zimepotea shilingi 10,400. Hapo hatujahesabu vitambaa atakavyoharibu, wala mteja aliyechoka kungoja oda yake. Gharama hizi haziandikwi katika vitabu vya kampuni, ndiyo maana mkubwa hazioni.

Tena mama ambaye matiti yamejaa na kuuma hawezi kushona vizuri. Maziwa yasipotolewa, titi linaweza kuvimba na kumletea homa, na siku za ugonjwa zikaanza kuhesabiwa. Kuhusu chumba, mahali padogo si lazima pajengwe upya. Stoo iliyosafishwa, yenye mlango unaofungika, yaweza kufaa. Friji huenda tayari ipo, inapoza soda za wageni.

Nenda ukazungumze kabla likizo haijaisha, si siku ya kurudi. Ukiweza, nenda na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mweleze ni saa ngapi utahitaji kutoka, na nani atashika mashine yako. Mwajiri husikiliza zaidi akiona umepanga.

(Nawe uliyeajiri yaya mwenye mtoto anayenyonya, mwajiri ni wewe.)

Wiki mbili kabla ya kurudi, anza kujizoeza kukamua kwa mkono. Nawa kwa sabuni, kamulia katika chombo safi chenye kifuniko, na uandike saa. Maziwa hayo yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4. Ndani ya friji yanaweza kukaa hadi siku 4. Anayebaki na mtoto asiyachemshe. Aweke chombo ndani ya maji ya moto kidogo, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe. Yakibaki kikombeni, yamwagwe.

Ukiona titi limekuwa jekundu na una homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo, na uendelee kunyonyesha.