Mchezo Unaokataa Kuanza

Leo somo letu ni la kompyuta. Najua mzee mmoja atasema, “Michezo ni mambo ya watoto.” Ngoja kidogo, baba. Kompyuta anayochezea mwanao ndiyo yenye hesabu za duka lako. Mchezo ukitengenezwa ovyo, hesabu nazo zaweza kupotea.

Mchezo una faili nyingi. Ili zisafiri upesi, hubanwa pamoja zikawa faili moja, kama pamba inavyoshindiliwa katika robota. Namna moja ya kubana huitwa zipu. Aliyeibuni ni Mmarekani Phil Katz, mwaka 1989.

Sasa mchezo umekataa kuanza, na kompyuta imeandika maneno. Usiyafute kwa hofu. Yasome yote, kisha nakili daftarini jina la faili iliyotajwa, herufi kwa herufi. Faida ya kujua kusoma ndiyo hii.

Kosa la kwanza, nalo ni la kawaida sana: umeanzisha mchezo ungali ndani ya zipu. Mara nyingi Windows huichomoa programu hiyo peke yake na kuziacha faili nyingine. Programu huamka isione vyombo vyake. Fanya hivi: bonyeza zipu kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua amri ya kutoa faili zote. Ziweke katika folda mpya, kisha anzisha mchezo kutoka folda hiyo.

Kosa la pili: kompyuta yataja CRC. Maana yake robota limeharibika. Lipakue upya. Tazama pia kama diski ina nafasi, kwa maana pamba ikifunguliwa hutanuka.

Kosa la tatu: imetajwa faili vcruntime140.dll. Hicho ni chombo cha Microsoft ambacho programu nyingi hukitegemea. Kimo katika fungu liitwalo Visual C++, nalo hutolewa bure na Microsoft wenyewe. Lichukue kwao, usilichukue kwa mtu usiyemjua. Na mtu akikuambia, “Zima kwanza kinga ya virusi,” kataa. Huenda ni mwizi abishaye hodi kwa sauti ya fundi.

Swali la kujibu daftarini: kwa nini tunatoa faili zote kabla ya kuanza mchezo? Msomee jirani yako jibu lako.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.