Kabla ya Kununua Mnyororo Mpya wa Baiskeli

Mazungumzo kwa waendeshaji baiskeli, mafundi na wakaazi wa Kaunti ya Busia

 

Busia na baiskeli ni jamaa wa siku nyingi. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku mpakani, vijana walipokuwa wakiwabeba abiria kwa baiskeli baina ya Kenya na Uganda. Baadaye pikipiki zilikuja zikalichukua jina hilo. Hata hivyo, baiskeli nyeusi ya gia moja ingali inabeba maji, makaa, maziwa na samaki, kutoka Malaba hadi Port Victoria.

Chukueni mfano wa mchuuzi wa maziwa. Ameondoka nyumbani alfajiri, mitungi iko nyuma, na anapanda mlima amesimama juu ya pedali. Mnyororo unaruka. Goti linagonga usukani, baiskeli inalala na maziwa ya siku nzima yanaingia mtaroni. Akifika sokoni ananunua mnyororo wa kwanza anaoonyeshwa. Wiki mbili baadaye unaruka tena. Anamlaumu fundi, fundi naye anamlaumu mwenye duka. Mara nyingi kosa lilitendeka palepale kaunta, pesa zilipotolewa bila kupima.

Jambo la kwanza ni kujua kama mnyororo wa zamani umekwisha kweli. Mnyororo haunyooki kama mpira. Pini na matundu yake ndiyo yanayolika, kidogo kidogo, mpaka urefu unaongezeka. Chukueni futi ya seremala. Wekeni alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabuni pingili 24, yaani nafasi 24 kutoka pini hadi pini. Mnyororo mpya utafika inchi 12 kamili. Ukifika inchi 12 na 1/8, muda wake umekwisha. Wenye futi ya sentimita watapata 30.5 kwa mpya, na takriban 30.8 kwa uliochakaa.

Jambo la pili ni upana, na hapa ndipo wengi huponzwa. Karibu minyororo yote ya baiskeli ina nusu inchi kutoka pini hadi pini, kwa hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Baiskeli ya gia moja kwa kawaida hutumia mnyororo wenye nafasi ya ndani ya inchi 1/8. Baiskeli za gia nyingi hutumia mwembamba zaidi, wa 3/32 au chini ya hapo. Mwembamba ukivalishwa juu ya meno manene hautakaa. Utapanda juu ya meno na kuruka. Someni maandishi kwenye boksi: tafuteni 1/2 x 1/8. Na asije mtu akawauzia kipande cha mnyororo wa pikipiki kwa kuwa ni mnene na unaonekana imara. Minyororo mingi ya pikipiki pia ina nusu inchi kati ya pini, lakini ni mipana mno kwa meno ya baiskeli. Itayumba huku na huku.

Jambo la tatu ni urefu. Nendeni dukani na mnyororo wa zamani, lakini msiulaze kando ya mpya na kulinganisha kwa macho. Mnyororo wa pingili 112 una inchi 56 ukiwa mpya. Ukichakaa kwa asilimia moja, unaongezeka zaidi ya nusu inchi, yaani zaidi ya pingili nzima. Macho yatawadanganya. Hesabuni pingili. Ukiwa mrefu, fundi ataupunguza. Ukiwa mfupi, hakuna atakachofanya. Kumbukeni pia kwamba pingili nyembamba na pana hupishana, kwa hivyo mnyororo wa kawaida huungwa kwa hesabu inayogawanyika kwa mbili.

Jambo la nne ni ubora. Rangi ya dhahabu au fedha haimaanishi nguvu. Ushikeni mkononi, mkunje pingili moja moja. Kila moja izunguke kwa ulaini bila kukwama, na pini zote zilingane. Pimeni pingili 24 papo hapo kaunta. Mnyororo unaoitwa mpya lakini umepita inchi 12 waziwazi umeshatumika au umetengenezwa vibaya. Urudisheni.

Jambo la tano ni meno ya gia. Gia ndogo ya nyuma huchakaa upesi kuliko ya mbele, kwa sababu meno yake ni machache na kila jino hufanya kazi mara nyingi zaidi. Yakiwa yamepinda kama ndoano, mnyororo mpya utaruka hata ukiwa bora namna gani. Badilisheni vyote viwili kwa pamoja. Inauma mfukoni, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa kuvalisha. Kama mnyororo unafungwa kwa klipu, upande uliozibwa wa klipu uelekee kule mnyororo unakokwenda, na upande wenye mwanya ubaki nyuma. Ikigongwa na kijiti au jiwe, haitasukumwa ikafunguka. Kisha vuteni gurudumu la nyuma mpaka mnyororo, ukiguswa katikati, uchezeke kama nusu inchi juu na chini. Zungusheni pedali polepole na kupima sehemu kadhaa. Ukikazwa mno unaharibu gololi. Ukilegea mno unachomoka.

Oili iwe kidogo, tone kwa kila pingili, kisha futeni ya nje kwa kitambaa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ina chembe za chuma, na ikichanganyika na vumbi la murram inakuwa kama msasa.

Wazazi, sikilizeni hili. Baiskeli nyingine husimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Kwa baiskeli ya namna hiyo, mnyororo ukikatika na breki hiyo imekwenda nao. Kama hiyo ndiyo inayompeleka mtoto shule kwa njia ya mteremko, kaguzi ya mnyororo si ya kuahirishwa.

Mwisho, mnunuzi ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Jedwali la Nne nalo limezipa kaunti kazi ya kusimamia masoko na biashara ya haki. Kwa hivyo ombeni risiti, andikeni juu yake kipimo mlichoelezwa, na mkiuziwa kisichofaa pelekeni risiti hiyo kwa afisi ya biashara ya kaunti. Nanyi wenye maduka, wekeni futi kaunta. Mteja aliyepimiwa vizuri hurudi.