Povu la Chura

Watoto wetu huchokoa kwa fimbo lile povu jeupe lining'inialo matawini juu ya dimbwi, mvua zikishanyesha. Ni kiota cha chura.

Jamaa yake aliyechunguzwa sana yuko mbali, kisiwani Trinidad. Huitwa tungara, na povu lake huelea juu ya maji yenyewe. Jike hutoa ute pamoja na mayai, naye dume huupiga kwa miguu ya nyuma kama mama apigaye mayai ya keki. Maji yale ni machafu, na joto ni jingi. Yai la kuku likipasuliwa hapo litanuka upesi. Lakini povu hudumu hata siku 10, na viluwiluwi hutoka salama.

Je, hamna vijidudu humo? Wamo! Bakteria huishi ndani ya povu lile, wala hawaliozeshi. Ute una protini, na baadhi yake hushikamana na sukari iliyo juu ya miili ya bakteria. Nasi tuliozoea kusema "vijidudu" kana kwamba wote ni adui, hapo tunyamaze kidogo.

Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, huko Uskoti, walieleza kwamba walitia dawa ya rifamisini katika povu hilo, nalo likaitoa polepole kwa muda wa wiki nzima. Wanafikiria vidonda vya moto. Aliyemwuguza mtoto aliyemwagikiwa na uji ajua kilio cha kubadilishwa bendeji kila asubuhi.