Somo la Kumi na Mbili: Ziwa Lina Kipimo

Wapenzi wasikilizaji wa Uvira, Makobola, Mboko na Baraka, katika somo lililopita tulieleza maana ya mali iliyo ya wote. Leo twaitazama mali moja mnayoijua kuliko sisi, yaani ndagala wa Tanganyika.

Swali: Taa zikiongezwa ziwani, je, ndagala nao huongezeka?

Jibu: La. Taa huwakusanya ndagala waliopo. Haizai hata mmoja.

Tueleze vema. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki hawakai humo mote. Huku kaskazini, ukipita mita 100 hivi kwenda chini, maji hayana hewa ya kuwatosha samaki. Hata hivyo vilindi hivyo vimeficha mbolea. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kuja kwetu. Ukitulia, ziwa lote huyumba polepole, na maji ya chini hupanda pamoja na mbolea yake. Hapo mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, vidudu vya majini huila, ndagala huvila vidudu, na mukeke humla ndagala. Chakula chote cha ziwa chategemea mbolea ile ipandayo, wala hakuna wavu uwezao kuipandisha.

Tena maji ya juu yamepata joto kuliko zamani. Maji ya moto huelea juu ya yale ya baridi, yasichanganyike naye upesi. Mwaka 2003 wataalamu walikadiria kwamba kwa sababu hiyo mimea ile imepungua kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki huenda yakapungua kwa asilimia 30 hivi. Chungu kimepungua, na wachotaji wamezidi.

Katika miaka ya 1950 Wagiriki walileta huku kaskazini vyombo vya mota na nyavu kubwa za kuzungusha. Walipata faida nyingi. Kufika miaka ya 1990, uvuvi huo mkubwa ulikuwa umeanguka upande wa Burundi.

Swali: Basi, alaumiwe yule avuaye kwa chandarua?

Jibu: Anakula mbegu, kwa kuwa awavua ndagala kabla hawajazaa. Lakini si haki kumlaumu peke yake. Tangu 1996 vita viliwatoa wengi mashambani mwao, nao wakakimbilia ziwa, kwa maana ziwani hakuna aombwaye hati ya shamba.

Mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi nne zizungukazo ziwa, uvuvi ulifungwa tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano hadi tarehe 15 ya mwezi wa nane. Kwa ndagala, azaaye upesi, miezi mitatu si kidogo. Kwa nyumba isiyo na akiba nayo si kidogo. Twaona kufunga kulikuwa kwema. Kuwafungia watu chakula bila kuwaandalia kingine ni jambo jingine.

Swali: Kibarua aliyevuta wavu usiku kucha wakati wa wingi, ale nini ziwa likifungwa?

Jibu: Swali hili twawaachia kwanza wenye vyombo. Kabla ziwa halijafungwa tena, na wakae na vibarua wao, wapatane ni fungu gani la mauzo ya kila mwezi liwekwe kando kwa ajili ya miezi hiyo mitatu, na ni nani atakayelitunza.