NCHI JIRANI: Pete Tano na Bendera Isiyo na Nchi

Hakuna aijuaye thamani ya bendera kuliko askari. Huipandisha asubuhi, huishusha jioni, huipigia saluti, na ameapa kuilinda kwa maisha yake. Kwa sababu hiyo, askari ndiye apasaye kuelewa zaidi maana ya bendera moja isiyo na nchi, jeshi wala mipaka. Bendera hiyo ni ile nyeupe yenye pete tano, alama ya Michezo ya Olimpiki.

Pete hizo zilibuniwa mwaka 1913 na Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeifufua michezo hiyo. Bendera yenyewe ilionyeshwa katika mkutano wa Paris mwezi Juni 1914. Majuma machache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, na michezo iliyopangwa kufanyika Berlin mwaka 1916 ikafutwa. Bendera ya umoja ikabidi ingoje mizinga inyamaze. Ilipepea michezoni kwa mara ya kwanza mwaka 1920, mjini Antwerp, Ubelgiji.

Pete tano zilizoshikana ni mabara matano. Wengi hudhani kwamba kila pete ina bara lake, na kwamba ile nyeusi ni ya Afrika. Sivyo alivyokusudia Coubertin. Alichagua rangi za buluu, njano, nyeusi, kijani na nyekundu, pamoja na weupe wa kitambaa, kwa kuwa bendera ya kila taifa la wakati ule ilikuwa na angalau rangi mojawapo kati ya hizo sita. Lakini ikumbukwe kwamba mwaka 1913 karibu Afrika nzima ilikuwa chini ya wakoloni. Bara lilikuwamo katika pete. Watu wake walikuwa bado hawana bendera.

Baada ya uhuru, Afrika iliingia uwanjani kwa miguu yake yenyewe, na askari walikuwa mstari wa mbele. Kipchoge Keino wa polisi ya Kenya alinyakua dhahabu mjini Mexico City mwaka 1968. John Akii-Bua wa polisi ya Uganda aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82 katika mita 400 kuruka viunzi, mjini Munich mwaka 1972.

Mwaka 1976 Akii-Bua hakuweza kulitetea taji lake. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilisusia michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilizuru Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Wanariadha walipoteza medali, lakini dunia iliambiwa waziwazi kwamba pete haziwezi kushikana huku mtu mweusi akikandamizwa.

Miaka mingi baadaye bendera hiyo ilipata kazi nyingine. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, lakini mwaka 2012 ilikuwa bado haina kamati yake ya Olimpiki. Guor Marial, mzaliwa wa huko, alikimbia marathoni ya London chini ya bendera ya pete tano. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, aliibeba bendera ya Sudan Kusini yenyewe.

Katika michezo hiyohiyo ilishiriki timu ya kwanza ya wakimbizi, watu 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini walioishi katika kambi ya Kakuma, Kenya. Bendera ya pete ilibebwa na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, na uwanja mzima ukawashangilia.

Hilo ni jambo la fahari, na pia ni onyo. Mkimbizi huibeba bendera ya wote kwa kuwa vita vimemnyang'anya kivuli cha bendera yake. Pete tano zaweza kumsitiri kwa siku chache za michezo, lakini haziwezi kumrudisha nyumbani. Amani ya nyumbani hulindwa na wananchi, na askari wao wakiwa waaminifu kwa bendera waliyoiapia.